Mbuzi wa Ntheo na Mizunguko Minne ya Makindu

Ndoa hukamilika saa ngapi? Siulizi siku. Nauliza dakika yenyewe: ile ambayo kabla yake hawa ni kijana wa watu na binti wa watu, na ikishapita ni mume na mke, hata kama mvua itanyesha na wageni watawanyike kabla ya kula.

Nimefundisha somo la dini katika shule za upili za Makueni, na kwa kipindi kifupi upande wa Kitui, na sijaona swali linalowaamsha wanafunzi wa kidato cha tatu saa nane mchana kama hili. Mmoja husema ni pale mchungaji anapotamka. Aliyelelewa na nyanya yake husema ni ntheo, mbuzi wa mila yetu ya Kikamba. Mwingine, kwa kawaida mtoto wa karani au wa polisi, husema ni cheti. Siku moja msichana wa Makindu, ambaye mama yake alikuwa akifanya kazi jikoni pale hekaluni kwa Makalasinga, yaani Wasikh, aliinua mkono akasema, "Mwalimu, wale wao ni wakimaliza kuzunguka mara ya nne."

Msichana yule alikuwa ametaja sheria bila kuijua. Sheria ya Ndoa na Talaka za Wahindu ya 1960, ambayo kwa ufafanuzi wake iliwahesabu pia Wasikh chini ya jina hilo, ilisema kwamba ndoa ikifungwa kwa njia ya Anand Karaj, yaani maharusi kukizunguka pamoja Granth Sahib, Kitabu kitakatifu cha Wasikh, inakamilika na kuwafunga pale mzunguko wa nne unapomalizika. Imeshafutwa. Sheria ya Ndoa ya 2014 ilizikusanya ndoa zote za nchi hii mahali pamoja. Lakini naipenda ile ya zamani kwa uwazi wake. Haikutaja dhahabu, wala karamu, wala idadi ya magari. Watu wawili, Kitabu, miguu kuzunguka mara nne, basi.

Kwa asiyeijua njia yetu, Makindu iko kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, baada ya Emali na kabla ya Kibwezi. Reli ya Uganda ilipopita hapa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, ililetwa na mikono ya wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India, na miongoni mwao walikuwamo Wasikh wa Punjab: maseremala, waashi, wahunzi. Makindu ikawa kituo cha kuhudumia treni. Jioni, kazi ikiisha, Wasikh walikuwa wakikusanyika chini ya mti kumwimbia Mungu, na Wahindu na Waislamu waliofanya nao kazi waliketi nao. Mwaka 1926 gurdwara, nyumba yao ya ibada, ikajengwa. Mpaka leo dereva wa lori, mtalii, mwanafunzi anayerudi Mombasa na mama aliyeshuka kwenye matatu na mtoto mgongoni, wote huingia kwa mlango mmoja, huvua viatu, hufunika kichwa kwa kitambaa, hunawa, kisha hupewa chapati, dengu, wali na chai ya maziwa. Haulizwi mtu kabila wala dini. Hakuna bei. Mwenye kutaka kuacha sadaka huacha. Asiye nayo hushukuru na kuendelea na safari. Chakula hicho huitwa langar, na ni amri ya dini yao tangu siku za Guru Nanak, mwanzilishi wake, aliyezaliwa mwaka 1469.

Nilikula pale tangu utotoni kama watoto wengi wa upande wetu. Harusi ndiyo niliyochelewa kuiona. Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi katika gereji ya Kalasinga mmoja Nairobi, na mwenye gereji alipomwoza binti yake Makindu, tulialikwa kama jamaa.

Ilikuwa asubuhi, na wao hupendelea asubuhi. Nje ya lango jamaa wa pande mbili walisimama wakitazamana, na baada ya sala wakaitwa wawili wawili kwa vyeo vya ujamaa: baba kwa baba, mjomba kwa mjomba, kaka kwa kaka. Kila jozi ilivishana shada la maua na kukumbatiana. Mjomba wa bibi harusi, mtu mfupi mwenye ndevu nyeupe, alimkamata mwenzake kiunoni akamnyanyua juu kabisa, na watu wakapiga makofi. Wao huuita mkutano huo milni. Mkamba yeyote aliyewahi kusimama kwenye lango la wakwe na mbuzi wake, akingoja kuruhusiwa, angeielewa shughuli ile bila mkalimani.

Ndani tuliketi sakafuni, tajiri na fundi, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. Mbele, juu ya kiti chake cha enzi na chini ya dari ya kitambaa, palikuwa na Guru Granth Sahib. Wasikh hawakiiti kitabu tu. Ndiye Guru wao aliye hai tangu mwaka 1708, Guru Gobind Singh alipofunga mlango wa Maguru wa kibinadamu. Baba yake binti alikuja mbele. Alishika ncha ya kitambaa kirefu kilichokuwa begani mwa bwana harusi, akaiweka mkononi mwa bintiye. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona vidole vya mzee yule, vyenye makovu ya kazi na weusi wa oili usiotoka hata kwa sabuni, vikichelewa kidogo kuachia. Mkono wa binti ulikuwa na hina mpaka karibu na kiwiko, na bangili nyekundu zimeujaza. Kitambaa hicho huitwa palla. Baada ya hapo binti hakukiachia mpaka mwisho.

Granthi, msomaji wa Kitabu, akasoma ubeti wa kwanza. Maharusi wakainama, wakasimama, na waimbaji walipouimba ubeti uleule kwa kinanda na tabla, wakaanza kuzunguka polepole, bwana harusi mbele na upanga wake mkononi, bibi harusi nyuma ameshika palla. Kaka na binamu za binti walikuwa wamepangwa kuizunguka ile enzi, na kila alipofika kwa mmoja, huyo alimsindikiza hatua chache akamkabidhi kwa anayefuata. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka kama minane, kilemba chake kimeteleza upande. Alimshika dada yake mabegani kwa uzito kama aliyepewa serikali nzima. Beti nne, mizunguko minne. Kisha utenzi wa Anand, sala ya wote waliosimama, ukurasa mmoja wa Kitabu ukafunguliwa na kusomwa kuwa neno la siku hiyo, na kila mtu akatiwa kiganjani karah prashad, halua laini ya unga, sukari na samli, ingali moto, samli ikipenya kati ya vidole. Tulioalikwa na tusioalikwa tulipewa kiasi kilekile.

Nilimwuliza mzee aliyeketi kando yangu beti zile zinasema nini. Nilitarajia mawaidha: mume mpende mkeo, mke mtii mumeo, vumilianeni. Akaniambia hazimtaji mume wala mke wa duniani hata kidogo. Nilirudi nyumbani nikatafuta kusoma, na alikuwa amesema kweli. Beti hizo, lavan, ni za Guru Ram Das, wa nne katika Maguru kumi, aliyeishi kuanzia 1534 hadi 1581. Zinaeleza safari ya roho kwenda kwa Mungu. Wa kwanza ni wajibu: kuushika uadilifu, kuacha dhambi, kulikumbuka Jina la Mungu. Wa pili ni kukutana na Guru wa kweli, hofu ikaondoka na nafasi yake ikachukuliwa na kicho kitakatifu. Wa tatu ni shauku, moyo kuchoka na mambo ya dunia na kutaka kukaa na watakatifu. Wa nne ni utulivu wa kufika. Bwana harusi ni Mungu, na bibi harusi ni roho ya mwanadamu, kila mwanadamu.

Nililitafakari jambo hili kwa muda mrefu. Ikiwa kila roho ni bibi harusi, basi yule kijana aliyetangulia na upanga wake naye ni bibi harusi. Desturi inamweka mbele. Mafundisho yanamweka pamoja na mkewe, wote wawili nyuma ya Mwingine. Wapo Wasikh wanaouliza leo kwa nini mwanamke ndiye afuate, na kwa nini kaka zake wamkabidhi mkono kwa mkono kana kwamba hajui kutembea. Wengine hawako tayari kuiacha ile picha ya ndugu waliomzunguka dada yao. Mimi nilipomtazama yule mtoto wa kilemba kilichoteleza, nilijua ningekuwa upande wa hao wa pili. Lakini swali la wale wa kwanza lina haki, kwa sababu linatoka ndani ya beti zenyewe.

Na sisi Wakristo tunalo swali lilelile. Mtume Paulo, katika sura ya 5 ya Waraka kwa Waefeso, baada ya kusema habari za mume na mke anasema wazi kwamba ananena juu ya Kristo na kanisa. Katika harusi nyingi nilizohudhuria mjini Wote na Kitui, sura hiyo husomwa ikaishia kwenye utii wa mke. Ile sehemu inayomfanya mume naye kuwa kanisa, naye kuwa bibi harusi anayepaswa kusafishwa, mhubiri huipita mbio.

Anand Karaj haikushuka ikiwa kamili kama nilivyoiona. Katika karne ya 19 Wasikh wengi walioana kwa kuzunguka moto, wakiongozwa na makuhani wa Kibrahmani. Baba Dayal wa Rawalpindi, aliyefariki mwaka 1855, na wafuasi wake Wanirankari walikuwa miongoni mwa wa kwanza kushikilia kwamba Msikh aoe mbele ya Granth Sahib. Waliopigania mageuzi baada yao waliipokea hoja hiyo, mabishano yakawa makali, na mwaka 1909 serikali ya India ya Kiingereza ikapitisha Sheria ya Ndoa ya Anand ili kuondoa shaka juu ya uhalali wake. Ujenzi wa reli yetu ulianza mwaka 1896. Kwa hiyo wale waliokaa chini ya mti Makindu waliondoka kwao jambo hili likiwa bado linagombaniwa.

Wanamdhari, tawi lenye watu wake hapa Kenya pia, wanazunguka moto mpaka leo huku lavan zikisomwa. Kiongozi wao Baba Ram Singh alianzisha namna hiyo mwaka 1863 katika kijiji cha Khote, Punjab: maharusi wengi kwa pamoja, nguo nyeupe za kawaida, bila mali ya kumsindikiza binti, kwa gharama ambayo mkulima yeyote angeiweza. Wasikh wengine huwakosoa kwa sababu ya moto ule. Mimi najiuliza ni nani aliye karibu zaidi na Guru Ram Das: anayezunguka moto akarudi nyumbani bila deni, au anayekizunguka Kitabu asubuhi na jioni akawalipia wageni mia nane hotelini kwa mkopo?

Swali hilo halitoki kwangu peke yangu, kwa sababu mwongozo wao wenyewe unalijibu. Sikh Rehat Maryada, kanuni za maisha zilizoidhinishwa mwaka 1945 na kamati kuu ya gurdwara huko Amritsar, zina sura kuhusu ndoa, na ni sura ya watu waliochoka kuona maskini akilia. Tabaka na nasaba visiulizwe. Watoto wasiozwe. Kutafuta siku ya nyota njema ni upotovu; siku yoyote inafaa. Watakaomsindikiza bwana harusi wawe wachache. Pazia la maua usoni, uzi mwekundu mkononi, kuabudu mababu, pombe, vyote vimekataliwa. Baba asimwoze binti kwa malipo. Mjane akitaka kuolewa tena, aolewe. Na kuna kifungu kimoja ambacho nilipokisoma niliweka kitabu chini kwanza: wazazi wa binti wakimtembelea kwake wakakuta chakula kiko tayari, wale, wasiogope, maana kujinyima chakula cha nyumba ya binti ni ushirikina.

Mkamba anaelewa uzito wa kifungu hicho. Kwetu kuna nthoni, ile heshima yenye haya kati ya mtu na wakwe zake. Nimeona kwa macho yangu mzee wa makamo huko Nzaui akiiacha njia na kuingia vichakani, kwa sababu mama mkwe alikuwa akija kutoka upande wa pili na debe la maji kichwani. Sijawahi kudharau nthoni. Ilijenga adabu katika boma zenye watu wengi na kuta nyembamba. Lakini watu waliokaa Amritsar wakaandika kwamba mama ale kwa bintiye walikuwa wameona jambo la kweli: kwamba heshima inaweza kukomaa mpaka ikamfanya mzazi kuwa mgeni kwa mtoto wake.

Baina ya mwongozo na maisha kuna umbali, na Wasikh wenyewe ndio wa kwanza kusema hivyo. Muziki huanza siku kadhaa kabla, kuna usiku wa hina na usiku wa manjano, na hayo ni furaha ya nyumbani ambayo sioni ubaya wake. Lakini kuna usiku wa hoteli, ambako chupa hupita mezani katika dini iliyokataza kileo, na kuna seti za dhahabu zinazohesabiwa kwa macho ya mashangazi. Mwaka 2023 Akal Takht, kiti kikuu cha mamlaka ya Kisikh huko Amritsar, kilipiga marufuku kumpeleka Guru Granth Sahib kwenye fukwe na hoteli za starehe kwa ajili ya harusi. Pia kuna tabaka. Wengi wa mafundi waliokuja na reli walikuwa Waramgarhia, watu wa useremala na uhunzi, na jina hilo limeandikwa hata juu ya nyumba za ibada Nairobi. Kila nyumba iko wazi kwa kila mtu kuomba na kula. Posa inapoanza ndipo unasikia wazee wakiuliza, kwa sauti ya chini, huyu kijana ni wa watu gani.

Sisi Wakamba hatuna haki ya kuwanyooshea kidole. Ntheo yenyewe ni jambo jepesi. Upande wa kijana huenda kwa wazazi wa binti na mbuzi, kwa kawaida watatu, wazee hukaa, mbuzi mmoja huchinjwa, pande mbili hula pamoja, wazee hubariki. Eugene Cotran alipokusanya sheria za kimila za ndoa nchini na kuzichapisha mwaka 1968, aliandika kile ambacho kila nyanya anakijua, kwamba bila ntheo hakuna ndoa ya Kikamba, hata ng'ombe wangapi walipwe. Mahakama zimelirudia jambo hilo mara nyingi. Na Sheria ya Ndoa ya 2014, katika kifungu cha 43, inasema kwamba pale mila inapodai mahari, kiasi kidogo cha ishara kinatosha kuthibitisha ndoa. Wamisionari walipofika Nzaui mwaka 1895 na kuanzisha kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission, walipinga pombe iliyokuwa ikinywewa kwenye ntheo. Leo katika nyumba nyingi za Wakristo ni soda na sukari, na ntheo haijapungukiwa na kitu.

Kilichokuja juu yake ndicho kinachoniumiza. Mbuzi wamegeuzwa pesa, na pesa zikapata orodha. Nimekaa kwenye mikutano ambako orodha ya wakwe ilisomwa kutoka kwenye simu: blanketi, suti ya baba, nguo ya mama na ya shangazi, marobota ya sukari, na siku hizi tangi la maji la lita elfu kumi, kwa sababu Makueni na Kitui ni nchi za kiu na kila mzee anataka kuvuna mvua. Tangi ni kitu kizuri. Ila kijana wa boda boda wa Kathonzweni hawezi kulinunua bila kuuza pikipiki inayomlisha. Baada ya orodha inakuja harusi ya kanisani: kamati, kundi la WhatsApp, michango, gauni la kukodi, keki, mahema, sare za wasimamizi. Asiyeweza hukaa na mpenzi wake bila harusi, ile tunayoiita njoo tukae, mwaka wa kwanza, wa tano, wa kumi.

Nina binamu ambaye mumewe alipeleka mbuzi wa ntheo, wazee wakala, wakabariki. Wana watoto watatu. Katika kanisa lao kila Jumapili ya Meza ya Bwana aliketi benchi la mwisho, mkate ukampita, kwa kuwa mbele ya kanisa alihesabiwa kuwa anaishi katika dhambi. Kilichokosekana ni fedha za harusi. Nimeisoma Biblia kutoka mwanzo hadi mwisho nikifundisha, na sijaona aya inayodai gauni, keki wala hema. Kanisa Katoliki kwa sheria yake linahitaji maharusi wenyewe, padri au shemasi, na mashahidi wawili. Makanisa mengine ninayoyajua hayahitaji zaidi ya hapo. Mafundisho yetu ni mepesi kama ya Guru Ram Das, na mzigo wetu ni mzito kama wa yule anayelipia hoteli.

Mjomba wangu wa Mutomo, huko Kitui, hakubaliani nami, na ni mtu wa kusikilizwa. "Mwalimu," aliniambia, "cha bure hakina mwenyewe. Binti akipigwa usiku, nani atamsemea? Wale mbuzi." Anamaanisha kwamba mali iliyopokelewa mbele ya watu huwafunga watu hao, wazee waliokula ndio watakaoitwa nyumba ikitikisika, nao hawawezi kusema hawajui. Dini, anasema, inamwachia kila mtu dhamiri yake, na dhamiri ya mlevi hulala mapema. Nimeona wazee wa ntheo wakienda usiku kumwondoa binti wao mikononi mwa mume mkatili, kwa hiyo siwezi kumjibu mjomba kwa maneno mepesi.

Ninachomjibu ni hiki. Mbuzi wa ntheo hufanya kazi hiyo kwa sababu analiwa. Pande zote mbili zinakula nyama ileile siku ileile, na ndiyo sababu zinakuwa mashahidi. Tangi haliliwi. Linabaki katika boma moja, likiwakumbusha upande mmoja kwamba ulipokea na upande mwingine kwamba ulilipa, na nimewasikia waume wakimwambia mke kwa hasira kiasi walichotoa kwa ajili yake. Kule Makindu karah prashad inaliwa, langar inaliwa, na baba wa binti anakaa sakafuni na fundi wake. Guru Ram Das aliandika shairi ambamo binti anamwomba baba yake ampe Jina la Mungu liwe ndiyo mali ya kuondoka nayo. Wapunjabi humsindikiza binti na mali, sisi tunamdai kijana mali. Mielekeo ni kinyume, lakini anayeumia ni yuleyule, mzazi asiye na kitu na mtoto wake.

Ndiyo maana kipimo changu cha desturi yoyote ya ndoa kimekuwa kimoja: je, maskini kuliko wote kijijini anaweza kuifanya, na akishaifanya awe ameoa kikamilifu sawa na tajiri? Mizunguko minne inapita. Ntheo inapita. Kiapo mbele ya mashahidi wawili kinapita. Kinachobaki, wenye nacho wakifurahie, lakini kisiitwe ndoa na kisimnyime mtu Meza ya Bwana.

Kipimo hiki hakimalizi kila kitu. Kijana wa Kikamba anaweza kula Makindu, kulala katika vyumba vya wageni na kuinama mbele ya Guru Granth Sahib, lakini hawezi kuzunguka mara nne na binti wa nyumba ile mpaka aingie katika imani yao; mwongozo wao unataka binti wa Kisikh aolewe na Msikh. Uingereza jambo hili limewahi kuleta fujo: Septemba 2016 watu 55 walikamatwa katika gurdwara ya Leamington Spa, walipokwenda kupinga harusi ya watu wa imani mbili. Nadhani wanayo haki ya kulinda sherehe hiyo, kama kanisa langu linavyolinda yake, kwa sababu asiyemkiri Guru huyo atazunguka nini? Lakini kuuliza imani na kuuliza tabaka ni mambo mawili. Imani mtu anaweza kuipokea. Ukoo aliozaliwa nao hawezi kuubadilisha, na dini iliyowaketisha watu wote sakafuni haina jibu la kuutetea.

Ninayo haja kwa wazee wenzangu wa Makueni na Kitui tunaoozesha. Tupokee mbuzi wa ntheo, tule pamoja, tubariki, na orodha tuiachie hapo. Anayetaka kumjengea mkwewe tangi baadaye kwa mapenzi, ajenge. Na kwa wachungaji na mapadri wetu: mnawajua kwa majina wale wanaokaa benchi la mwisho. Waiteni Jumapili hii, katika ibada ya kawaida, na nguo walizo nazo na mashahidi wawili, muwafungishe ndoa kabla ya mkate kupita.